Aliyeshindwa Achague Kanda

Ukimtaja mtu Garissa, jambo la kwanza utakaloulizwa ni: wa nani? Ukijibu, utaulizwa huyo naye wa nani, na hivyo hivyo mpaka mfike kwa babu fulani wa zamani aliyekuwa na ngamia wengi na hasira nyingi. Mimi kwetu ni Mwingi, sikulelewa kuhesabu mababu, kwa hiyo wa Bwana Maji nitawaruka wote kwa mruko mmoja. Wanisamehe. Nitaanza na mkono wake wa kulia, kwa maana huo ndio ulionitesa karibu miaka yote niliyofundisha katika mji ule.

Ulikuwa mkono mrefu, mkavu, wenye saa iliyolegea. Akiinama juu ya meza ya pool, kofia yake ya kufuma ameisukuma nyuma kidogo, mkono ule uliingia na kutoka, ukaingia na kutoka, bila haraka, na mara ukasikia mpira ukianguka shimoni. Alikuwa hashindwi. Sisemi alikuwa hashindwi mara kwa mara. Nasema alikuwa hashindwi. Na hilo, uamini usiamini, ndilo lililokuwa tatizo kubwa la maisha yake.

Jina alilipata kwa kazi. Alikuwa ofisa wa maji, mtu wa visima na mabomba na pampu, na kama vile kila wilaya ilivyokuwa na Bwana Shamba wake, sisi tulikuwa na Bwana Maji. Bomba likikauka, watu walimfuata popote alipo, hata harusini, wakamwonyesha ndoo tupu mbele ya wageni. Yeye aliwajibu wote jibu moja: maji yatakuja kesho, inshallah. Nyumbani kwake mwenyewe bomba halikuwahi kutoa hata tone. Mkewe alinunua maji ya mkokoteni wa punda kama sisi wengine, na alihakikisha punda anasimama mlangoni saa ambayo majirani wote wako nje. "Mganga hajigangi," Bwana Maji alisema, akachukua fimbo yake na kuondoka kwenda kucheza.

Alikokwenda ni hoteli ya Habo Halima, mtaa wa Iftin. Habo ni shangazi, na mama yule alikuwa shangazi wa kila aliyekunywa chai yake. Mbele aliuza chai na anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali. Nyuma, chini ya mabati, aliweka meza ya pool iliyokuja kwa lori kutoka Nairobi na kushushwa ikiwa imepinda kidogo. Kona moja ililalia upande wa Mto Tana, na mpira wowote uliokosa nguvu ulielekea huko kama ng'ombe aliyenusa maji. Wageni walilalamika kwamba meza ni mbovu. Sisi wenyeji tulinyamaza, tukawaacha wajifunze.

Kando ya meza, juu ya kreti za soda, palikaa redio kaseti, na ndani ya kreti zilikaa kanda za Bwana Maji. Zilikuwa kanda za bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi wa gita moja na mtu mmoja mwenye shida zake. Serikali ilikuwa imempeleka kusini mwa Marekani kwa kozi ya kuchimba visima. Wenzake walirudi na friji. Yeye alirudi na fimbo ya pool ya kufunguka vipande viwili, na mfuko wa kanda. Mkewe hakulisahau jambo hilo. Wageni wakija aliwapa maji ya uvuguvugu, kisha akawaeleza sababu.

Kwa nini kanda hazikukaa nyumbani? Kwa sababu siku hizo, kule, kanda ilikuwa barua. Mwenye ndugu Elwak au Kanada hakuandika. Alikaa mbele ya redio, akabonyeza kitufe, akamsalimu ndugu yake, mifugo ya ndugu yake na majirani wa ndugu yake mpaka kanda ikaisha. Kanda tupu zilikuwa adimu. Kanda zenye Wamarekani wanaolia zilikuwa tele, na ukoo wa mkewe haukuona ubaya kumnyamazisha Mmarekani ili mjomba ajuliwe hali. Bwana Maji alipogundua hayo alizihamishia zote kwa Habo Halima, kama mtu anayehamisha mbuzi baada ya kuona nyayo za fisi.

Lakini Habo Halima naye alikuwa na masharti. Wazee wa msikiti walikuwa wamemjia kuuliza habari za ule mlio wa gita. Akawaambia muziki ule si wa starehe, ni wa kuwatuliza wachezaji wasitukanane. Hauwashwi ila mipira inapotembea, na mwadhini akisikika unazimwa. Wazee waliridhika, naye akaishika ahadi ile kama amana. Hukuweza kukaa pale na kikombe ukasikiliza tu. Ukitaka muziki, ucheze.

Sasa sheria. Aliitunga Bwana Maji mwenyewe, siku ambayo watu wawili nusura wapigane fimbo kwa kugombea nani aweke kanda.

"Aliyeshinda ana furaha yake," alisema. "Bluzi ya nini? Aliyeshindwa ndiye achague."

P yake ilikuwa b na v yake ilikuwa f, kama watu wengi wa kule, lakini siku hiyo hata matamshi yake yalisikika kama ya hakimu. Sote tulisema hiyo ni hekima. Habo Halima akaapa pale pale kwamba hotelini mwake hakuna atakayeigusa redio isipokuwa aliyeshindwa mchezo uliopita. Ni baadaye, mipira imeshapangwa upya, ndipo mtu mmoja alipong'amua kwamba mwenye kanda zote hatapata kuchagua hata moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amechimba visima maisha yake yote. Angevumilia kama angetaka muziki wowote tu. Balaa ni kwamba kulikuwa na wimbo mmoja alioutaka, na aliutaka vibaya.

Kabla ya wimbo huo lazima nieleze kipimo chake, maana msidhani bluzi zote ni sawa. Mimi nilidhani hivyo nikasahihishwa mwaka mzima. Kipimo alikitoa utotoni, visimani, kwa watu wanaoteka maji ya ngamia kwa kuimba. Kisima kirefu hakitekwi kimyakimya. Mmoja yuko chini, mwingine juu yake, ndoo ya ngozi inapita mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoamua mkono upande lini na ushuke lini.

"Mkono wa fimbo na mkono wa ndoo ni mkono mmoja," aliniambia. "Wimbo kama hawezi toa maji, Mwalimu, hawezi ingiza mbira."

Kanda ikilia mara ya kwanza alifumba macho akavuta kamba ya hewani, mbele ya watu, bila haya. Kisha akatoa hukumu. "Huyu ameteka maji, huyu." Au: "Huyu aliletewa maji nyumbani." Aliyeletewa maji nyumbani hakurudi tena mezani.

Majina ya kwenye majalada hayakutukaa mdomoni, kwa hiyo tuliwapa waimbaji majina yetu. Alikuwapo Kiatu, aliyepiga sakafu kwa mguu akiimba. Huyo alikuwa wa kuvunjia mipira mwanzo wa mchezo. Alikuwapo Mama Mnene, mwenye sauti ya kuita watoto walio ng'ambo ya mto. Huyo hakufaa ukibakiza mpira mweusi, ule wa mwisho unaoamua mshindi, maana angekufanya upige kwa hasira. Na alikuwapo bwana mmoja wa kinanda cha mdomo, ambaye Bwana Maji alituambia ni wa siku za mvua tu, kwa sababu mlio wake una unyevu. Mvua, Garissa! Tulimsahau kabisa yule bwana mpaka ule mwaka wa mafuriko, mto ulipokata barabara, sukari ikaadimika na mvua ikanyesha wiki baada ya wiki. Aliyeshindwa akinyoosha mkono kwenye kanda nyingine, Bwana Maji alimwonyesha mabati yaliyokuwa yakirindima juu yetu, akasema, "Mfua hiyo. Heshimu." Mpaka leo nikisikia kinanda cha mdomo nahisi soksi zimelowa.

Ule wimbo wake sasa. Tuliuita Kisima Kikavu. Ulikuwa mwishoni mwa upande wa pili wa kanda ya kijani. Mzee fulani anapiga gita kama mtu aliyesahau anachokifanya, anaimba mstari, ananyamaza mpaka unadhani kanda imekatika, kisha anaimba mstari ule ule tena. Bwana Maji aliusikia wiki yake ya kwanza huko Marekani, chumba cha kupanga, baridi kali, anakula mayai na mkate tu kwa kuogopa nyama asiyoijua. Jirani wa ng'ambo ya ukuta alikuwa akiupiga kila jioni. Maneno hakuyaelewa.

"Lakini yule mzee nilimjua," aliniambia. "Ni babu yangu, siku kisima kilikauka na ngamia wamesimama wanamwangalia."

Alinieleza hayo kwa upole mkubwa, kisha akaingiza mpira mweusi na kunishinda.

Mnaona wenyewe ugumu wake. Kwa kipimo chake yeye, wimbo ule haukufaa. Hauna mkono wa kupanda wala wa kushuka, ukiufuata fimbo yako itasimama hewani mpaka uzeeke. Sasa sisi, tuliokandamizwa kila jioni mbele ya wanywa chai, mtu ametukabidhi silaha hiyo kwa mkono wake, tungeitupa? Ukishindwa, ulikwenda kwenye kreti, ukaitoa kanda ya kijani, ukaigeuzageuza. Kwa pembe ya jicho ulimwona ameacha kupaka chaki. Halafu ukairudisha taratibu mahali pake.

"Haitoi maji," ulisema kwa masikitiko. "Sheria ni msumeno, Bwana Maji."

Na msumeno ukakata. Alijaribu kila njia. Alikununulia chai kabla ya mchezo na kukuuliza hali ya wazazi. Alikohoa ulipopitisha mkono juu ya kanda ya kijani, kana kwamba kikohozi kitaelewa kazi yake. Siku moja aliizungusha kwa kalamu mpaka mwanzo wa wimbo ule, akaitia katika jalada la Kiatu, na mchezaji mmoja akaitia redioni bila kujua. Mzee wa gita alikuwa hajamaliza mstari wa kwanza Habo Halima akatokea jikoni na mwiko. Alizima. Alimnyima Bwana Maji chai mpaka alipoomba radhi, na maombi hayo tuliyasikiliza sote kwa starehe.

Mtu atauliza: si angeshindwa tu makusudi siku moja yakaisha? Nami nilimuuliza. Nilimwambia kwa mzaha wa kialimu, "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Nimekubali zamani," akanijibu. "Wa kunishinda ndiyo hakuna."

"Kosa mpira mmoja."

Alinitazama kama nimemwambia ale mchana wa Ramadhani. Kukosa makusudi, alisema, ni kusema uongo kwa mkono. Huyu ndiye mtu aliyeuambia mji mzima kila asubuhi kwamba maji yatakuja kesho. Mdomo wake ulikuwa na ruhusa zote. Mkono haukuwa nayo hata moja, na kwa hilo, ingawa nilicheka, nilimheshimu.

Aliyemtesa kuliko wote alikuwa Bare, dereva wa lori la Elwak, mtu mwenye meno ya dhahabu na mzaha usioisha, na mchezaji mbovu kuliko hata mimi. Kwa kuwa alishindwa sana, alichagua sana. Mara moja aliazima kanda ya Mama Mnene kwa safari, akaiacha juu ya dashibodi kutoka Garissa hadi Elwak na kurudi. Iliporejea ilikuwa imelegea kwa joto. Mama Mnene aliimba sasa kwa sauti ya mwanamume mzee anayepanda ngazi. Tulingoja Bwana Maji atoe moto puani. Aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, akivuta kamba yake ya hewani polepole.

"Imekuwa mzuri," akasema. "Amezeeka. Sasa anajua anachosema."

Tangu siku hiyo kila mwimbaji aliyemwona bado mbichi alimwanika kwanza juu ya bati la choo cha Habo Halima.

Kanda nyingine ilikuwa imekwisha kuingiliwa kabla ya ule uhamisho. Kiatu anaimba, anapiga mguu, mambo yamekolea, na ghafla anakatika. Inatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, kali, inasalimu kwa Kisomali. Ni shangazi yake Bwana Maji, wa Habaswein, amekuja mjini zamani na kumrekodia salamu mwanawe, na katikati ya salamu anataka kujua yule ngamia jike aliyemwazima Bwana Maji yuko wapi. Siku ya kwanza sauti ile iliposikika, Bwana Maji alisimama wima, fimbo akaishusha.

"Mtu mkubwa anazungumza," akasema. "Hatubigi."

Ikawa desturi. Shangazi akianza, fimbo zote chini, hakuna anayepaka chaki, hakuna anayesogea, mpaka amalize na Kiatu arudi katikati ya kilio chake. Bare alikuwa wa kwanza kuona faida ya adabu hii. Aliichagua kanda ile kila aliposhindwa, akahesabu muda, na Bwana Maji alipokuwa amepamba moto, mipira inaanguka mmoja baada ya mwingine, shangazi aliingia na kumsimamisha.

Kisha shangazi mwenyewe akaja Garissa, jino linamsumbua. Alipita mbele ya hoteli, shavu limefungwa kitambaa, akasikia mtu anaongea kwa sauti yake. Akaingia mpaka nyuma. Alikuta wanaume wazima wamesimama wima kuizunguka meza, fimbo chini, vichwa vimeinama, Habo Halima ameshika birika bila kumimina. Hakushangaa hata kidogo. Alijisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubaliana na kila alilosema.

"Run," akasema, yaani kweli tupu. Akaagiza irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili alimgeukia Bwana Maji. "Haya. Ngamia wangu yuko wapi?"

Sikupata kulisikia jibu, kwa sababu Bare alikuwa ameketi chini akilia kwa kicheko. Ninachojua ni kwamba mchezo uliofuata Bwana Maji alikosa mpira ulio mdomoni mwa shimo. Tukashikana mikono. Tukadhani leo ndiyo leo. Akatulia, akaingiza yote iliyobaki.

Halafu serikali ikaanza kupunguza watu, na Bwana Maji akawa miongoni mwa walioambiwa wapumzike mapema. Alisema atarudi kwao Habaswein. Jioni yake ya mwisho aliingia hotelini amevaa shati la Idi, akamwita Bare mezani, na alipopiga mpira wa kwanza tuliangaliana. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa ameamua kusema uongo kwa mkono. Mtu yule, kwa ajili ya wimbo ule, alikuwa amefikia hapo. Naam, na Bare alielewa upesi kuliko sisi. Bwana Maji akikosa, Bare naye akakosa. Bwana Maji akagonga ukingo mtupu, Bare akaupiga mpira wake hadi kwenye magunia ya unga. Meza nayo ikaingilia kati. Mipira ya Bwana Maji aliyoikosa makusudi ilizunguka bila nguvu, ikakumbuka Mto Tana, ikateremka yenyewe kuingia kwenye ile kona. "La!" alipiga kelele kila mmoja ulipoanguka. "La, wallahi, sikubiga!" Habo Halima alilazimika kukaa juu ya kreti. Mwishoni, hata ya Bare ikiwa imeteremka kwa njia hiyo hiyo, ukabaki mpira mweusi peke yake, na hapo nikaona watu wawili wakiuogopa mpira mmoja kuliko nyoka. Waliubembeleza huku na huku mpaka mwadhini wa magharibi akaita. Habo Halima akafuta machozi, akazima redio. Ahadi ni ahadi.

Hakuna aliyeshindwa, kwa hiyo hakuna aliyechagua. Bwana Maji alizifunga kanda zake kwenye mfuko ule ule wa Marekani, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Nilimuuliza Bare baadaye kwa nini hakumwachia, jioni ile moja tu.

"Mwache aende na kiu," Bare akasema. "Mtu yuko na kiu anarudi kisimani. Akikunywa, harudi."

Hakurudi. Nilicheka sana jioni ile, na wiki iliyofuata nilisimama kando ya kreti tupu nikiwa nimemshinda mwalimu mwenzangu kwa urahisi, na ushindi haukuwa na ladha. Nilimkosa yule mtu. Nilikikosa hata kikohozi chake.

Muongo ule ulikuwa unaelekea ukingoni nilipotumwa Habaswein kusimamia mitihani. Sikuhitaji kuuliza sana. Nilifuata mlio wa Kiatu mpaka kwenye duka la mpwa wake, kando ya barabara ya Wajir, na nyuma ya duka, chini ya turubai, kulikuwa na meza ya pool na vijana wameizunguka. Bwana Maji alikuwa amekonda. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, na alikigeuza kichwa upande kunitazama.

"Mwalimu wa Mwingi," akasema. "Bado unashika fimbo kama mwiko?"

Tulinyweshana chai. Shangazi, aliniambia, yu mzima. Redio ya nyumbani ni yake, na ana mengi ya kusema, kwa hiyo kanda zimehamia dukani. Sheria je? Ni ile ile. Vijana hawa anawashinda wote, na wanachagua Kiatu asubuhi mpaka jioni. Kanda ya kijani hawaitaki, wanasema ina usingizi.

"Si uiweke tu? Duka ni la mpwa wako."

"Nimewaambia fijana ni sheria ya meza. Sasa nifunje mimi?"

Tukacheza. Meza ya pale ilikuwa imelala sawasawa, haikuwa na mto wa kuikumbuka, na pengine ndiyo maana nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza. Au ni lile jicho lake. Mipira yangu ikaisha kabla ya yake, ukanibakia mweusi, umbali wa shubiri mbili tu kutoka shimoni. Ningeuingiza, angekuwa ameshindwa kwa haki, kwa mkono wa mtu mwingine, bila uongo wowote, na angechagua. Sijawahi kutaka kushinda kitu kwa ajili ya mtu mwingine kama nilivyotaka pale. Yeye alikuja akasimama karibu nami, akaniambia kwa sauti ya chini, "Katikati, Mwalimu. Biga katikati. Usihofu."

Nikapiga. Mpira mweusi ukagonga kona ya shimo, ukatikisika, ukarudi.

Aliingiza yake iliyobaki. Kisha akauinamia ule mweusi kwa muda mrefu, kichwa amekigeuza ili lile jicho zima lione. Angeweza kukosa. Nani angemlaumu mzee wa jicho moja? Mkono ukaingia na kutoka, ukaingia na kutoka, na mpira ukaanguka.

"Siwezi," akasema, kana kwamba ananiomba radhi. "Mkono unakataa."

Akanisogezea mfuko wa kanda. Sikuigeuzageuza safari hii. Nilitoa ya kijani, nikaiweka upande wa pili, nikaipeleka mbele mpaka karibu na mwisho. Ile sauti ya gita ilipotoka aliinua mkono kunizuia.

"Hii haitoi maji, Mwalimu."

"Najua."

"Meza haitaki hii."

"Aliyeshindwa ndiye anachagua."

Akakaa juu ya gunia la mchele, fimbo amelaza mapajani. Vijana walikuwa wakipanga mipira, akawaashiria waache. Mzee wa gita aliimba mstari wake, akanyamaza, akaimba tena. Mkono wa kulia wa Bwana Maji, ule ulionitesa miaka yote ile, ulikuwa umelala tu juu ya fimbo, haukuvuta kamba yoyote. Jicho zima lililowa sawa na lile la ukungu. Hakujificha, nami sikutazama pembeni.

Wimbo ulipokwisha mpwa wake akataka kuubonyeza urudi nyuma. Bwana Maji akamkataza, betri zitaisha. Akatoa kalamu mfukoni, akanipa mimi, nikaitoa kanda na kuitia kalamu kwenye kijicho chake, nikaanza kuizungusha kwa mkono ili wimbo urudi mwanzo. Nilikuwa na haraka, nikiogopa atabadili nia.

"Bolebole," akasema. "Kisima ni kirefu."